MTOTO ASIYESIKIA KATIKA NYUMBA YETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka sisi wawili, mume na mke, tuseme machache juu ya kulea mtoto mwenye ulemavu. Twashukuru kwa heshima hii. Wengi wenu mwamjua binti yetu wa pili. Ndiye yule apangaye viti humu ukumbini kila tukutanapo. Yeye hasikii.

Tulichelewa kutambua. Mvua ya masika ilipopiga mabati usiku, ndugu zake waliamka wakilia, naye akalala. Tukamsifu kuwa mtoto mtulivu. Alipotimiza miaka 2 bila kutamka neno, tulipiga sufuria nyuma yake. Aligeuka, nasi tukafurahi mno. Kumbe alikuwa ameona kivuli chetu ukutani. Kwa furaha hiyo ya bure tulipoteza mwaka mzima.

Mwaka huo haukuwa mwema. Wako jamaa waliosema ni laana, na wengine walishauri akatwe chini ya ulimi. Lawama zilimwangukia mama yake, kana kwamba mtoto huyu alikuwa na mzazi mmoja tu. Hatimaye tulimpeleka katika kimoja cha vituo vya kupima watoto, ambavyo vilianza nchini mwaka 1984. Huko tulielezwa kwamba uziwi waweza kuletwa na homa ya uti wa mgongo, na surua, na hata usaha wa masikio usiotibiwa. Binti yetu alikuwa ameugua uti wa mgongo akiwa na miezi 9. Wazazi wenzetu, mtoto atokwaye na usaha sikioni asingojewe apone mwenyewe.

Katika ofisi moja karani alituuliza jina la mtoto, kisha akaandika kando yake neno "bubu." Hatukumkemea, maana mmoja wetu ni karani pia, naye ameliandika neno hilo mara nyingi bila kufikiri. Lakini bubu hakuwa. Alicheka kwa sauti na kulia kwa sauti. Alichokosa ni lugha.

Akiwa na miaka 6 alikwenda shule ya bweni ya viziwi. Shule za namna hii si jambo geni kwetu. Ile ya Nyang'oma na ile ya Mumias zilianzishwa mwaka 1961. Nauli, godoro, sanduku, na betri za chombo cha masikioni vilitutoa jasho, lakini juu ya hayo hatutasema mengi, kwa kuwa kila mzazi hapa aujua mfuko wake. Lililotuumiza zaidi ni likizo ya kwanza. Alirudi mikono yake imejaa habari, akatusimulia mambo ya muhula mzima, nasi tukamtazama tu. Akarudia polepole, kama mtu asemavyo na mgeni. Kisha akaacha, akaenda kuketi na mbuzi. Siku hiyo mabubu tulikuwa sisi.

Bibi yake, asiyejua kusoma, ndiye aliyetangulia kujifunza. Alimwonyesha maziwa, mtoto akampa alama yake. Akamwonyesha moto, jua, kuku. Tulipoona hivyo tuliona haya, tukaketi chini pamoja nao. Mwaka wa pili sukari ilipungua koponi. Tulipomwuliza, alijibu kwa mikono kwamba ni paka. Wazee mtatusamehe, lakini tulicheka hata machozi yakatutoka: mtoto wetu alikuwa amepata lugha ya kutosha kutudanganya. Kumrudi tulimrudi, ila baadaye, na kwa upole.

Sasa ana miaka 14. Nyumbani twasema naye. Akivuka kizingiti hana wa kusema naye. Hata humu, akiisha kupanga viti, huketi akitazama midomo yetu mpaka usingizi umshike. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ombi letu ni dogo kuliko hilo: ukumbi huu ufunguliwe Jumamosi moja kila mwezi, saa tisa alasiri, kwa mafunzo ya alama. Fundi cherehani mmoja wa sokoni, ambaye ni kiziwi, amekubali kufundisha, nasi tutamlipia nauli.

Bwana Mwenyekiti, daftari la majina liko mezani kwa Bwana Mweka Hazina. Wa kwanza kuandikishwa ni yule bibi yake, naye ametia dole gumba.