Nuru Katika Uzi: Tatizo la Istilahi Moja

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 (wapo waandikao “mkonga”, kana kwamba ni wa tembo), unapita Shinyanga na Geita. Ndani yake nuru hutetemeka katika mielekeo miwili. Kama kiini cha uzi kingekuwa duara kamili, mielekeo hiyo ingewasili pamoja. Lakini kiini kikibonyea au uzi ukibanwa, mmoja huchelewa, na biti jirani huingiliana.

Uchelewaji hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu: uzi wa pikosekunde 0.2 kwa kipeuo cha pili cha kilometa hufikia pikosekunde 4 katika kilometa 400. Kwa biti bilioni 10 kwa sekunde, kiasi hicho huvumilika; kwa bilioni 40, vipokezi vya zamani hushindwa.

Kuiita hali hii “mtawanyiko wa ncha” ni kufuata umbo la neno la kigeni, ilhali nuru haina ncha. “Mtawanyiko wa mielekeo ya mtetemo” ni istilahi ndefu, lakini humwelekeza fundi wa Geita kwenye uzi uliobanwa. Kuongeza nguvu ya nuru, dawa ya ufifiaji, hapa hakusaidii.