Simama Nje ya Mlango

Somo letu latoka katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24. Tutatazama sehemu mbili tu: kifungu cha 10 hadi 13, na kifungu cha 14 na 15. Kama Biblia i karibu nawe, ifungue. Kama u njiani au jikoni, sikiliza tu.

Nianze na sehemu ya pili. Hapo Mungu awakataza Waisraeli kumdhulumu kibarua maskini, awe ni ndugu yao au mgeni aliyekuja kukaa kwao. Malipo yake apewe siku ile ile, jua lisitue kabla hajayapata, kwa maana hana kingine cha kutegemea. Akinyimwa, atamlilia Mungu, na mwenye kumnyima atahesabiwa dhambi.

Leo basi nataka kusema na mafundi: maseremala, waashi, mafundi cherehani, mafundi wa bomba na wa stima, na ninyi mnaochomelea milango ya vyuma. Ulipewa kazi, ukaifanya, ukaimaliza, na mwenye kazi amekataa kulipa. Ningependa kusema na wenye kazi pia, ingawa huenda baadhi yao wameanza kuitafuta stesheni nyingine.

Wako Wakristo wanaofikiri kwamba kudai fedha yako ni kukosa upendo. Fundi akiulizia haki yake mara ya tatu, huambiwa, “Ndugu, wewe umeokoka kweli?” Lakini Yakobo, yule wa Waraka, mlango wa 5, asema kwamba ujira uliozuiwa wenyewe unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Kama ujira unapiga kelele mbele za Mungu, mwenye ujira atakatazwaje kusema mbele ya mtu? Na Yakobo wa zamani, mwana wa Isaka, alimwambia Labani waziwazi kwamba amembadilishia mshahara mara kumi. Labani alikuwa mjomba wake na baba wa wake zake. Udugu haukumfunga mdomo.

Basi kudai si dhambi. Shida iko katika namna ya kudai, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoponzwa.

Seremala mmoja alinijia jioni moja, naye alikuwa na hasira hata mikono ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa ametengeneza milango saba na fremu za madirisha kwa nyumba mpya ya mzee mmoja wa kanisa. Walipatana shilingi 145,000. Alipewa 60,000 za kununulia mbao, na zilizobaki angepewa kazi ikiisha. Kazi iliisha. Nyumba ilibarikiwa, tukaimba, tukala pilau. Miezi minne ikapita. Kila alipokwenda aliambiwa, “Tutaelewana, sisi si watu wa kushtakiana.” Mwishowe akaambiwa kwamba mlango mmoja umepinda na hivyo hakuna deni tena. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akidaiwa na mwenye duka la mbao, na kijana aliyemsaidia kupiga randa alikuwa hajapata chake. Watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Akaniambia, “Mchungaji, usiku wa leo naenda na vijana wawili. Milango ni yangu. Naing’oa.”

Wengi mnaonisikiliza mngemwambia, “Nenda!” Nami nauelewa moyo huo. Lakini tazameni sasa ile sehemu ya kwanza ya somo letu, kifungu cha 10 na 11. Mungu asema kwamba mtu akimkopesha jirani yake, asiingie nyumbani mwake kuichukua rehani. Asimame nje, na yule mwenye deni ndiye aingie, aitoe, amletee. Kweli, maneno haya yahusu mkopo na rehani, si mshahara. Hata hivyo yanatuonyesha jinsi Mungu anavyomwangalia mtu anayedai. Amempa haki ya kufika mlangoni. Amempa haki ya kubisha, kungoja na kuonekana na majirani akingoja. Hakumpa ruhusa ya kuvuka kizingiti. Nyumba ya mtu ni nyumba yake hata akiwa na deni. Ndani mna mke na watoto ambao hawakupatana bei na mtu yeyote.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Mlango ukiisha kufungwa ukutani kwa misumari na bawaba umekuwa sehemu ya nyumba. Fundi akienda kuung’oa usiku aweza kushtakiwa kwa kuharibu mali, au hata kwa wizi. Asubuhi yeye ndiye atakayekuwa kituoni, na mwenye deni ndiye atakayekuwa mlalamikaji. Vivyo hivyo na wale wanaomwendea polisi wanayefahamiana naye ili akamtishe mdaiwa. Deni la kazi ni neno la madai, si la jinai, na polisi hawakuwekwa kudai madeni ya watu. Usimtangaze mtu kwenye simu za kijiji kizima ukimwita mwizi. Huko nako ni kuingia ndani.

Sasa, kusimama nje si kusimama kimya. Nilimuuliza yule seremala, “Mlipatana kwa maandishi?” Akacheka. Kati ya watu wa kanisa moja nani huandika? Lakini tulipokaa na kutafuta, vilipatikana vitu. Stakabadhi za duka la mbao zilikuwapo. Ujumbe wa M-Pesa wa zile 60,000 ulikuwapo, na tarehe yake. Palikuwa na ujumbe mwingine ambao mzee alimwandikia, “Fundi, vumilia, mwisho wa mwezi nitakumalizia.” Huo ni ushahidi, wapendwa. Mtu hawezi kuahidi kumaliza deni lisilokuwapo. Usifute ujumbe wa namna hiyo. Na kwa kazi ijayo, mwandike karatasi moja kabla mbao haijakatwa: ni kazi gani, bei gani, arubuni kiasi gani, italipwa lini, kisha mtie sahihi wote wawili. Wengine huona karatasi kama dalili ya kutoaminiana. Mimi naona ni kumsaidia ndugu yako asije akasahau, kwa maana kusahau deni ni rahisi kuliko kusahau jina lako.

Tena nikamuuliza, “Na ule mlango, umepinda kweli?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema umepinda, mbao haikuwa imekauka vizuri. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Fundi anayetaka haki na aende kwanza na randa yake akanyooshe kilichopinda. Mlango mmoja uliopinda haufuti deni la milango saba, lakini ukiuacha ulivyo unampa mdaiwa mahali pa kujifichia.

Alikwenda akautengeneza. Kisha tukafuata Mathayo 18, ambako Bwana wetu ametuonyesha njia: kwanza uende peke yako, usiposikiwa uchukue mmoja au wawili, na mwisho ulilete jambo mbele ya kanisa. Peke yake alikuwa amekwenda mara nyingi, ila mara hii alipeleka barua. Barua ilieleza kazi, jumla ya bei, kilicholipwa na kilichobaki, shilingi 85,000, ikataja siku 14. Haikuwa na tusi hata moja. Nakala alibaki nayo. Siku 14 zikapita. Akarudi na watu wawili, mmoja wao mama wa Umoja wa Akina Mama ambaye mzee alimheshimu sana. Hawakuingia ndani ya mambo ya nyumba. Walisoma hesabu, wakauliza, “Mzee, ni ipi kati ya hizi isiyo kweli?” Hakuwa na la kujibu. Alilipa 40,000 juma lile, na 30,000 baada ya mavuno. Shilingi 15,000 hazijalipwa hata leo, na fundi bado anazidai.

Labda utauliza, na asingelipa kabisa? Je, Mkristo aende mahakamani? Paulo katika 1 Wakorintho 6 awalaumu waumini walioshtakiana mbele ya wasioamini. Maneno hayo hupenda kunukuliwa na wenye madeni. Lakini someni vizuri. Paulo auliza kama kweli hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima katika kanisa awezaye kuwaamulia ndugu zake. Aibu ile ni ya kanisa lililokataa kuamua. Baraza la kanisa likimwambia fundi, “Samehe,” na lisimwambie mzee, “Lipa,” halijapatanisha mtu. Limemsaidia mwenye nguvu. Na Bwana asema kwamba yule asiyelisikia hata kanisa ahesabiwe kama mtu wa nje. Mtu wa nje hupelekwa kwa waamuzi wa nje. Paulo yuyo huyo alikata rufani kwa Kaisari, twasoma katika Matendo 25.

Hapa Kenya iko Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kusikiliza kesi jijini Nairobi mwezi wa Aprili 2021, na baadaye ikafunguliwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na deni la kazi iliyofanywa ni mojawapo. Si lazima uwe na wakili. Waweza kusema mwenyewe. Sheria yataka uamuzi utolewe katika siku 60 tangu dai lilipoandikishwa. Wala usingoje mno, kwa maana deni la mapatano likipita miaka 6 pasipo kudaiwa mahakamani, mlango huo hufungwa. Lakini ujue kwamba hukumu si fedha mkononi. Mahakama yaweza kumruhusu mdaiwa alipe kidogo kidogo, na asipolipa itakubidi urudi tena kuomba mali yake ikamatwe.

Hata hapo kuna kizingiti. Sheria yetu ya kesi za madai, kifungu cha 44, yakataza kukamata vyombo vya kupikia vya mdaiwa, kitanda chake, na zana za lazima za kazi yake. Rudi katika mlango wetu wa 24 uone kifungu cha 6: usitwae rehani jiwe la kusagia, kwa sababu ukifanya hivyo umetwaa uhai wa mtu. Na kifungu cha 12 na 13: mdaiwa akiwa maskini, vazi lake la kujifunika arudishiwe jua linapokuchwa. Tazama, ni jua lile lile! Jioni hiyo hiyo tajiri ampelekee kibarua mshahara, na mwenye kudai ampelekee maskini blanketi. Kwa hiyo, fundi, kabla hujakaza kamba, jiulize kama mtu huyu hataki kulipa au hana. Mjane aliyekuita kuziba paa lililovuja, kisha mwanawe akafutwa kazi, si sawa na mtu anayeongeza ghorofa ya pili huku akikuambia hali ni ngumu.

Habari za mtu wa ghorofa zimo katika Yeremia 22. Mfalme Yehoyakimu alijijengea jumba kubwa lenye madirisha mapana, akalipamba kwa mierezi, akalipaka rangi nyekundu, na waliolijenga hakuwalipa. Nabii hakulaumu rangi wala mierezi. Alilaumu mshahara. Akamkumbusha kwamba Yosia, baba yake, alikula na akanywa kama mfalme na bado akawatendea maskini haki.

Nisiwaseme wenye nyumba nikaliacha kanisa. Tunajenga sana katika dayosisi zetu. Tunafanya harambee, tunapaua, tunaweka vioo vya rangi. Na mara nyingi mwashi anayedai salio lake huambiwa, “Hii ni kazi ya Mungu, hesabu iwe sadaka yako.” Neno hilo si sawa. Katika 2 Wakorintho 9 Paulo asema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, pasipo kulazimishwa. Fedha iliyozuiwa si sadaka, hata ikizuiwa na kamati ya ujenzi. Fundi akitaka kutoa, na alipwe kwanza zote, zifike mkononi mwake, kisha Jumapili atoe apendacho.

Nawaomba watunza hazina wa makanisa mnaonisikia: kabla hamjanunua viti vipya vya plastiki, fungueni daftari la ujenzi. Mkiona jina la fundi limebaki na deni mbele yake, mpigieni simu leo. Nawe fundi, yule kijana wa randa anakungoja, na jua lake latua saa ile ile na lako.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya mikono kule Nazareti, uwakumbuke wanaorudi nyumbani jioni hii bila kitu mfukoni. Uwape ujasiri wa kubisha hodi, na uwazuie wasivunje mlango. Uwape wenye deni aibu iliyo njema. Katika jina la Yesu, Amina.