MWENYE JEMBE ASIYE NA SHAMBA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi na mwanachama mwenzetu, mwenye duka la nguo. Tumeichapa yote kwa ombi la waliohudhuria. — Mhariri)



Nimetakiwa niseme juu ya haki za wanawake. Nimeona si vyema kusema juu ya wanawake wa dunia nzima, kwani maneno yakitandazwa sana huwa mepesi. Nitasema juu ya mahali pamoja, napo ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo ni mchanga, ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, nao una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wenyeji wake aghlabu ni Wasukuma, watu wa ng'ombe na pamba.

Mtu aweza kuuliza: sisi watu wa karafuu na nazi, Bariadi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, kila doti ya kanga ninayoikunjua juu ya meza yangu asili yake ni pamba, na Simiyu ni katika mikoa iliyo mbele kabisa kwa zao hilo. La pili ni zito zaidi. Wabunge tunaowapeleka Dodoma kutoka Visiwani hupiga kura hata katika sheria za Bara. Basi sheria ikimdhulumu mjane wa Bariadi, mkono wa mbunge wetu nao umo, akiuinua au akiuacha chini. Nasi ndio tuliomtuma.

Natazameni kwanza kazi. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, pamba hupandwa. Hupaliliwa mara ya kwanza, na mara ya pili, hupigwa dawa, kisha huchumwa kwa mkono, tumba baada ya tumba, mgongo umeinama juani. Katika kupalilia na kuchuma, mwanamke yuko mbele. Akitoka shambani hubeba kuni, huteka maji, hupika, hulea. Lakini siku ya mzani anayeitwa jina ni yule aliyeandikwa kuwa mwenye shamba, na huyo aghlabu ni mwanamume. Ndiye apokeaye fedha, na ndiye aamuaye kama zitanunua ng'ombe, au baiskeli, au daftari za watoto. Je, duka ambalo mtu mmoja anauza tangu alfajiri na mwingine ndiye mwenye ufunguo wa sanduku, tungeliita ushirika?

Hayo ni wakati mume yu hai. Msiba mkubwa huja akifa.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila kwa maandishi, na miongoni mwake zimo kanuni za urithi. Warithi walipangwa daraja tatu: mtoto wa kiume wa kwanza daraja ya kwanza, wavulana waliosalia daraja ya pili, na mabinti wote, hata kama mkubwa wao ndiye mkubwa wa nyumba, daraja ya tatu. Ardhi ya ukoo mwanamke aweza kuitumia lakini si kuiuza. Ama mjane, ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Naam, palizi zote zile, na vuno zote zile, malipo yake ni kungoja huruma.

Wajane wawili wa Kisukuma wa Mkoa wa Shinyanga, mkoa ambao siku hizo Bariadi ilikuwa wilaya yake, hawakukubali kungoja. Waume zao walipokufa, shemeji walizishika mali, nao wakatolewa majumbani pamoja na watoto wao. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba ikigusa mila ya kabila moja itafungua mlango kwa mila za makabila yote. Wakakata rufani. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao, si kwa kuwa hawana haki, bali kwa kosa la tarehe katika karatasi ya hukumu, karatasi ambayo si wao walioiandika. Miaka minne ya kungoja ikaishia katika tarehe! Wakapeleka shauri kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi juu ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 2015 Kamati iliamua kuwa wajane wale wamedhulumiwa, walipwe fidia, na sheria zirekebishwe.

Ndugu wanachama, angalieni ajabu ya jambo hili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani hiyo hiyo ilikwisha amua kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika kuichuma mali ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mali hiyo igawanywe ndoa inapovunjwa. Basi mke aliyegombana na mumewe akaachika, aweza kudai sehemu yake. Mke aliyemuuguza mumewe mpaka akamfumba macho, kwa kanuni ya 1963, hana cha kudai. Aliyeachwa ana haki kuliko aliyefiwa! Hiyo ni mila ya nani yenye kumlipa hivyo mtu mwema?

Watasema wengine: msiguse mila, mila ni heshima ya watu. Nami nasema heshima ya Wasukuma ni kubwa, na kwa kazi na ukarimu wao hatuna la kuwafundisha. Lakini dhulma haiwi heshima kwa kuzeeka. Katika nchi hiyo hiyo ya Wasukuma vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa ni macho mekundu. Macho hayo yamewekundishwa na moshi wa jiko, moshi wa kuni na wa samadi kavu, miaka arubaini ya kuwapikia watu. Na mara nyingine nyuma ya tuhuma hiyo pamekuwa na kiwanja cha mjane ambacho jamaa anakitamani. Kazi yake ikageuzwa kuwa hukumu yake.

Mzizi wa yote hayo huanza kwa binti. Akihesabiwa kuwa ni mpita njia katika nyumba ya babake, na mahari yake ni ng'ombe wa kuongeza zizi, shule itaonekana hasara. Sheria ya 1971 ilimruhusu msichana aolewe na miaka 15, hali mvulana alingoja 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Na msichana aliyepata mimba shuleni alifungiwa mlango hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kuwa aweza kurudi. Milango imeanza kufunguka, lakini haikufunguka kwa hisani. Imefunguka kwa kubishwa.

Wako wanaosema wanawake wamekwisha pata, kwani mwaka 2021 mwanamke, tena wa Kizimkazi, aliapishwa kuwa Rais. Twajua. Lakini kiti kimoja Ikulu hakimpi mjane wa Itilima ekari moja.

Wala sisi tusijisifu. Kwetu mjane fungu lake linajulikana: thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Dada naye ana fungu lake. Lakini ni kaka wangapi hapa wanaoshika shamba zima la mikarafuu miaka na miaka, na dada huletewa kikapu cha nazi kama sadaka? Na wanaolima mwani pwani za mashariki, wengi wao wanawake, bei huipanga nani?

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na mambo matatu. Kwanza, kila mbunge wetu aulizwe hadharani amesema nini Dodoma juu ya kanuni za urithi za 1963. Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, basi wenzetu wa Bara wahimize jina la mke liandikwe katika hati ya shamba mume akiwa hai, si baada ya matanga. Tatu, kila mwanachama mwenye fungu la dada yake mkononi alitoe, tena kabla ya mkutano ujao. Chama kinachodai haki kwa Serikali hakiwezi kuizuia haki nyumbani.