Maktaba Mpya ya Mlimani Itazamwe Kutoka Usinge

Taarifa za maendeleo ya ujenzi wa maktaba huhesabu msingi, jamvi, lenta na paa; mkandarasi akishakabidhi funguo, hesabu hufungwa. Makala haya yanadai kwamba hufungwa mapema mno. Maktaba ya chuo kikongwe kinachotunza kumbukumbu za nchi nzima haijakamilika mpaka kilichomo rafuni kiweze kumfikia msomaji wa mbali, na umbali huo unapimika vizuri hapa Usinge, kwenye reli ya Tabora hadi Kigoma.

Tuchukue maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la maktaba hiyo Juni 2016, akaizindua mwenyewe Novemba 2018. Ilijengwa kwa msaada wa China, kwa takriban shilingi bilioni 90, ikatangazwa kuwa na nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Mwendo huo unastahili pongezi, wala sikusudii kuubeza. Ila tarakimu zote hizo ni za ujazo: watu wangapi wataenea, vitabu vingapi vitaenea. Hakuna hata moja inayosema kitabu kikitoka kitafika wapi.

Njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilishatoa funzo hilo kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa ghala la bara: nguo, shanga na barua za kutoka pwani zilitua hapo zikisubiri kwenda Ujiji. Mwandishi wa habari Stanley alipoachana na mvumbuzi Livingstone pale Kwihara, Unyanyembe, Machi 1872, alimwachia bidhaa za kutosha. Hata hivyo mzee yule alikaa mpaka tarehe 25 Agosti ndipo akaondoka, kwa sababu wapagazi walikuwa bado hawajafika kutoka pwani. Mali ilikuwepo, mabega hayakuwepo.

Yupo atakayesema chuo kikuu kinajengea wanafunzi wake, na wananchi wana Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni kweli, na maktaba ya mkoa ipo Tabora mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Lakini Mlimani kuna mkusanyiko wa Afrika Mashariki, zikiwemo tasnifu ambazo maktaba ya mkoa haikuundwa kuzihifadhi. Mtafiti huja vijijini, huuliza wazee, huondoka na daftari lililojaa. Kazi ikikamilika hukaa rafuni Dar es Salaam, na aliyeulizwa haioni. Hilo si suala la hisani. Ni deni.

Pingamizi zito zaidi ni la upotevu: kitabu adimu kikipanda treni, nani atakidhamini? Nakubali, nakala ya pekee isisafiri. Isafiri nakala yake ya kidijitali, ipokelewe na shule ya sekondari yenye mwalimu anayewajibika kwa maandishi. Gharama za mkutubi na skana ziingizwe kwenye bajeti ya jengo tangu siku ya kuchimba msingi, kwa kuwa mfadhili akishaondoka, fedha za namna hiyo ndizo hukatwa kwanza. Na taarifa ya ujenzi iwe na safu moja zaidi baada ya ile ya paa: maombi mangapi yamepokelewa kutoka nje ya Dar es Salaam, na mangapi yamejibiwa.