Kabla ya Kugawa Mandazi Darasani

Msikilizaji wa Longech, siku ya kufunga shule mwalimu akitaka kuwapa watoto kitu kitamu, awaulize wazazi kwanza: nani ana mzio wa njugu, maziwa, mayai au samaki? Ile pakiti ya lishe ya watoto waliodhoofika hutengenezwa kwa njugu na maziwa. Mwenye nayo asiwaonjeshe wenzake, ingawa najua ni tamu. Mafuta yaliyokaangiwa samaki yasikaangiwe mandazi. Afadhali tende au ndizi, wote wale kitu kimoja. Kumtenga mtoto mmoja ni ukatili.

Midomo ya mtoto ikivimba au akipumua kwa shida, msingoje, mkimbizeni hospitalini. Kutoka hapa Longech ni mashua hadi Kalokol, kisha barabara ya Lodwar. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini. Kumnywesha maziwa hakusaidii.