Hisabati ya Mwendo wa Bahari na Mvua ya Salaita

Huenda mtu akastaajabu kusikia habari za bahari zikisomwa hapa Salaita, katika nyika kavu baina ya Taveta na Voi, kilomita zipatazo 200 kutoka pwani, lakini mvua ya vuli iioteshayo mimea ya nchi hii yaifuata hali ya Bahari ya Hindi, na bahari hiyo huenda kwa kanuni ziandikikazo kwa hisabati.

Asili yake ni kanuni ya Newton, kwamba kitu hubadili mwendo wake kwa kadiri ya nguvu ikisukumayo. Euler aliitumia katika mwendo wa maji mwaka 1757, kisha Navier mwaka 1822 na Stokes mwaka 1845 wakautia na mnato, yaani ule ukinzani wa tabaka moja la maji lisuguanapo na jingine. Kwa bahari, basi, twajumlisha shinikizo, uzito, mnato, msukumo wa upepo, na athari ya mzunguko wa dunia aliyoieleza Coriolis mwaka 1835. Kuiandika milinganyo hiyo ni rahisi kuliko kuifumbua, hata Taasisi ya Clay ya Marekani iliahidi dola milioni 1 mwaka 2000 kwa atakayethibitisha kama jawabu la ile ya Navier na Stokes lapatikana daima pasi na kuvunjika. Na zawadi hiyo ingalipo.

Nataka tukawie katika athari ya mzunguko, kwa kuwa ndipo bahari yetu iachanapo na bahari za vitabuni. Hupimwa kwa saini ya pembe ya latitudo. Hivyo Mombasa, nyuzi 4 kusini, ni sehemu moja tu ya kumi ya ile ya nyuzi 45, na juu ya Ikweta haipo kabisa. Kwa sababu hiyo bahari yetu huuitika upepo upesi mno. Mwanahisabati Lighthill alionyesha mwaka 1969 kwamba mkondo wa Somalia, ambao manahodha wa majahazi wameujua tangu kale kuwa hugeuka kwa kusi na kaskazi, waweza kuitika upepo uvumao mbali baharini kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ilhali katika latitudo za juu hali kama hiyo huchukua miaka. Vipimo vya baadaye vilibainisha kwamba upepo wa karibu na pwani nao una sehemu kubwa, nami naona hilo laongeza thamani ya hoja yake badala ya kuipunguza.

Sasa twafika Salaita. Upepo wa mashariki uvumapo kwa nguvu juu ya Ikweta wakati wa vuli, maji ya juu, pasipo mzunguko wa kuyapotosha, husukumwa moja kwa moja mpaka upande wetu, yakarundika joto. Mvuke huzidi, na mvua nayo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na tena mwaka 1997, mafuriko yalipoikumba Afrika Mashariki.

Naomba, basi, mwanafunzi wa hapa afikapo kwenye somo la saini apewe latitudo yake mwenyewe, nyuzi 3 na dakika zipatazo 25, azidishe saini yake kwa 2 na kwa kasi ya mzunguko wa dunia, 0.0000729 kwa sekunde. Na akiisha kupata 0.0000087, aulizwe udogo huo una uhusiano gani na shamba la babake.