Katibu na Kompyuta: Amri za Kuandika na Ulinzi wa Daftari la Chama

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulitangulia kompyuta kwa miaka mingi, lakini kompyuta haikuutangua. Vyama vingi vya msingi vimekwisha kuweka mashine hiyo ofisini, na mapokezi ya mazao ambayo zamani yaliandikwa kwa wino katika leja sasa yamo ndani yake. Kwa hiyo liko swali moja ambalo kila mkutano mkuu hauna budi kuliuliza: ni nani katika chama ajuaye kuyatoa humo?

Mara nyingi jibu ni kijana mmoja aliyeajiriwa kwa msimu. Akiwapo, kazi inakwenda. Akiondoka, mwanachama ajaye na stakabadhi yake mkononi huambiwa asubiri, na pengine husubiri hadi msimu mwingine. Chama ambacho kumbukumbu zake zinafikiwa na mtu mmoja tu kimekwisha kumkabidhi mtu huyo mali ya watu wote, ingawa hakuna kikao kilichoamua hivyo. Dawa ya hali hiyo ni elimu, na elimu yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa.

Asili ya amri hizi

Kompyuta huagizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugusa picha zilizo kwenye kioo. Ya pili ni kuandika amri kwa maneno mafupi, mstari mmoja baada ya mwingine, na mashine ikatekeleza neno kwa neno. Njia hii ya pili ndiyo kongwe, nayo ndiyo inayomwonyesha katibu waziwazi kile anachokifanya.

Amri zinazozungumzwa hapa zinatokana na mfumo uitwao Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kutengeneza mfumo wa namna hiyo ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, akatoa kiini kinachoitwa Linux. Kazi hizo mbili zilipounganishwa ulipatikana mfumo ambao chama chaweza kuutumia bila kulipia leseni, kuuchunguza, kuurekebisha na kumgawia jirani. Mwanaushirika hataona jambo hilo kuwa geni: wengi wamechangia nguvu zao, na matunda ni ya wote. Zaidi ya hayo, amri zake za msingi zimebadilika kidogo sana kwa miongo mingi, na zinafanya kazi hata katika mashine ya zamani. Anayejifunza mara moja amejifunza kwa muda mrefu.

Amri za kwanza

Katibu akifungua kidirisha cha amri ataona alama fupi, mara nyingi ile ya dola, inayomaanisha kwamba mashine iko tayari kusikiliza. Hapo huandika amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza.

Amri ya kwanza ni pwd, nayo humweleza yuko katika folda gani. Ni vema kuianza kazi kwa amri hii, kwa maana karani asiyejua amefungua kabati lipi hawezi kujua anachokitoa. Amri ls huorodhesha vilivyomo. Ikiandikwa ls -l huonyesha pia ukubwa wa kila faili na tarehe iliyobadilishwa mwisho. Amri cd humhamisha: cd mapokezi humwingiza katika folda yenye jina hilo, na cd .. humrudisha nyuma hatua moja. Amri mkdir huunda folda mpya, cp hunakili, na mv huhamisha au kubadilisha jina. Amri less humwezesha kusoma faili ukurasa kwa ukurasa bila kulibadilisha. Akimaliza hubonyeza q.

Kitufe cha Tab humalizia jina la faili lililoanza kuandikwa, na kwa hiyo hupunguza makosa ya herufi. Mshale wa kwenda juu hurudisha amri iliyotangulia. Ctrl na C, vikibonyezwa pamoja, kwa kawaida husimamisha amri inayoendelea.

Mfano wa kazi ya chama

Na tuchukue mfano wa chama kinachoweka mapokezi yake katika faili liitwalo mizigo.txt, ambamo kila mstari ni mzigo mmoja uliopimwa: tarehe, namba ya mwanachama, kilo na namba ya stakabadhi. Mstari mmoja utaonekana hivi:

2025-07-04,M0147,186,00532

Mwanachama mwenye namba M0147 anafika akidai kuwa alileta mizigo minne na amelipwa mitatu. Katibu huandika:

grep M0147 mizigo.txt

Mara moja mistari yote yenye namba hiyo hutokea kwenye kioo, na wawili hao huilinganisha na stakabadhi, moja baada ya nyingine. Katibu akitaka mashine imhesabie mizigo hiyo, huandika grep M0147 mizigo.txt | wc -l. Ile alama ya mstari uliosimama hupokea matokeo ya amri ya kwanza na kuyapeleka kwa amri ya pili, kama magunia yanavyopita kutoka kwa mpimaji hadi kwa mpangaji.

Katika mfano huu yako mambo mawili ya kuzingatiwa. Namba za wanachama ziwe na tarakimu sawa, kwa sababu anayetafuta M147 ataletewa pia M1471. Na tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili amri sort izipange kwa mfuatano wake wa kweli.

Ikiwa mizigo minne imo katika faili na malipo ni matatu, kosa liko kwenye malipo. Ikiwa mistari ni mitatu na stakabadhi ni nne, kosa liko mizani au kwa mwandikaji. Mashine haimalizi shauri hilo, lakini inaonyesha mahali pa kuanzia kuliamua, na inafanya hivyo mbele ya macho ya mwenye mali.

Amri za kuogopwa

Mashine hii ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Haiulizi kama bwana wake amefikiri.

Amri rm hufuta faili, na faili lililofutwa haliendi kwenye pipa la taka ambamo laweza kuokotwa. Mwandikaji anayetaka kufuta mafaili yanayoishia kwa .txt huandika rm *.txt. Akiteleza kidole na kuweka nafasi moja baada ya nyota, akaandika rm * .txt, mashine itaelewa kuwa afute kila faili lililomo, kisha atafute jingine liitwalo .txt. Msimu mzima waweza kupotea kwa nafasi moja. Kwa hiyo inafaa katibu aandike ls *.txt kwanza, asome orodha, ndipo afute. Na afute kwa rm -i, ambayo huuliza kabla ya kila faili.

Amri cp na mv nazo zina hatari yake. Zikikuta faili lenye jina lile lile mahali pa kwendea, kwa kawaida hulifunika bila kuuliza. Zikiandikwa na -i, huuliza kwanza.

Hatari ya tatu ni alama ya >, ambayo huandika matokeo ndani ya faili. Anayeandika sort mizigo.txt > mizigo.txt akitumaini kulipanga faili atalikuta tupu, kwa sababu mashine hulifuta faili la kupokea kabla sort haijaanza kulisoma. Matokeo yawekwe katika faili lenye jina jingine. Na anayetaka kuongeza mistari mwishoni mwa faili bila kufuta yaliyomo atumie alama mbili, >>.

Wajibu wa kamati

Elimu si jambo la kuongezewa ushirika kwa hisani. Waanzilishi wa Rochdale nchini Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, waliihesabu kuwa miongoni mwa misingi yao, na hadi leo elimu, mafunzo na habari ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika duniani. Kwa msingi huo kamati ya kila chama inashauriwa kutimiza mambo matatu.

Kwanza, watu wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa mjumbe wa kamati, wajue amri hizi. Wajifunze katika folda ya mazoezi yenye nakala, kamwe si katika mafaili yenyewe ya chama.

Pili, kila jioni ya siku ya mapokezi faili linakiliwe kwa jina lenye tarehe, kwa mfano cp -i mizigo.txt mizigo-2025-07-04.txt, na nakala moja ihifadhiwe katika flashi inayotunzwa katika jengo jingine. Nakala iliyo ndani ya mashine ile ile haitaponya chama mashine ikiibwa au ikiungua.

Tatu, kitabu cha stakabadhi kiendelee kuandikwa kwa mkono. Kompyuta haikuja kukiondoa, na siku umeme ukikatika au kidole kikiteleza, kitabu hicho ndicho kitakachosema.

Mkulima aliyeleta mzigo wake mizani hana haja ya kujua maana ya grep. Haki yake ni kuuliza alileta kilo ngapi na kujibiwa siku ile ile, na mtu yeyote atakayekuwa ameketi katika kiti cha katibu.